Kocha wa Korongo wa Kipling

Alikuwa akiogopa mpira. Naanza hapo kwa sababu ndilo jambo ambalo waliomjua kwa mbali hawaamini, na sisi tuliomjua kwa karibu tulilicheka misimu miwili mizima. Mpira ukimjia, hata ukiwa unabingirika polepole kwenye nyasi kama chungwa lililochomoka mfukoni, Kocha aliinua mkoba wake wa kazi akaziba uso na kusema, "Yesu wangu!" Mpira ukishapita aliushusha mkoba, akajifunga upya kitenge chake kiunoni, akatuambia kwa utulivu kwamba mdakaji wetu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma mno.

Na alikuwa sahihi. Sikumbuki siku ambayo hakuwa sahihi kuhusu mahali miguu ya mtu ilipokuwa.

Timu yetu iliitwa Korongo wa Kipling, kwa jina la barabara ya hapo jirani. Iliishi viangazi viwili huko Rexdale, pembezoni mwa Toronto, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya maghala, ambako ndege zinazotua hupita chini kiasi cha kukufanya uiname bila kutaka. Hakuna kombe letu popote. Tulikuwa wapakiaji mizigo, waokaji wa kiwanda cha mikate, vijana wawili wa chuo na fundi mmoja wa matairi. Karibu wote tulitoka Kongo ya mashariki na Burundi, na karibu wote tulisali katika kanisa moja lililokodi ukumbi juu ya duka la mazulia. Besiboli hatukuijua. Lakini mwaka ule viwanja vya soka vilikuwa vimejaa, na kiwanja kimoja cha besiboli kilikuwa kitupu jioni mbili kwa wiki. Mchungaji akauliza ibadani kama kuna mtu anayeufahamu mchezo huo. Mkono mmoja tu uliinuka, kwenye safu za akina mama.

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alisimama akasema, "Mimi naujua. Sijawahi kuucheza, lakini naujua," akaketi.

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala babu zake walikuwa akina nani, na kwa habari hii si lazima kujua. Ninachojua ni jinsi alivyojifunza. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, na kwa miaka sita alimtunza mzee mmoja wa mtaa wa Islington, dereva wa tramu aliyestaafu. Mzee yule aliipenda besiboli kupita chakula, lakini macho yake yalikuwa yamefifia. Kwenye televisheni aliona rangi ya kijani tu na vivuli vinavyopita. Basi Kocha, akishamwogesha na kumlisha, alikaa kando yake na kumsimulia.

"Siku ya kwanza," alituambia, "nilimwambia hivi: mtu amerusha, mtu amepiga, watu wanakimbia. Alinifokea! Mtu gani? Amerusha vipi? Mguu gani ulitangulia? Nikajiuliza, huyu mzee anataka nini na miguu ya watu? Lakini nikaanza kutazama miguu."

Ndivyo alivyopata macho yale. Mchana baada ya mchana, kiangazi baada ya kiangazi, alitazama kwa niaba ya mtu mwingine. Wengi hutazama mpira unakokwenda. Yeye alitazama kila kitu ambacho mpira ulikuwa umekiacha nyuma: bega la mrushaji, kisigino cha mkimbiaji, mdakaji wa kushoto anayekuna shingo. Mzee wa Islington alipofariki, watoto wake walimpa Kocha glovu yake kuukuu ya ngozi. Hakuwahi kuivaa. Alitunzia ndani yake funguo na peremende.

Hata alipokuwa akitufundisha, alisimulia. Alisimama mbele ya benchi na kusema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Sasa anainua mguu. Sasa anatazama kituo cha kwanza, lakini hatarusha huko, ni uongo huo. Baraka, usitishike. Sasa." Na Baraka, mpigaji wetu bora, aliyeshinda mchana kutwa akibeba magunia ya unga kiwandani, alipiga kwenye neno hilo la "sasa" kana kwamba Kocha ndiye aliyemrushia.

Akifika mtu kituoni kabla ya mpira, Kocha alisema, "Yumo." Akichelewa, alisema, "Katoka." Aliyasema hayo kabla mwamuzi hajafungua mdomo, na ilifika mahali waamuzi wa ligi ile, wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, walimtupia jicho kwanza.

Kuhusu lugha alikuwa mkali. Vijana waliokulia hapa humwelewa mzazi anaposema Kiswahili lakini humjibu kwa Kiingereza, na uwanjani ilikuwa hivyo hivyo. Siku moja wawili wetu waliukimbilia mpira mmoja uliopaa, kila mmoja akipiga kelele "I got it!", wakagongana vichwa kama mbuzi dume, mpira ukaanguka katikati yao. Kocha aliwafuata na barafu.

"Mmesema nini?"

"Tumesema tumeupata, Kocha."

"Nani ameupata?"

Kila mmoja akamnyoshea mwenzake kidole.

"Kuanzia leo mtu atasema 'Wangu!' Mmoja tu. Na mwingine atamwambia 'Chukua.' Mnaona ilivyo tamu? Hata nyumbani mkaseme hivyo, mbele ya nyama."

Mwisho wa msimu wa kwanza, nilimsikia mchezaji wa timu pinzani, mtu mwenye ndevu za kahawia, akipiga kelele "Wangu!" kwenye kiwanja cha nyuma ya maghala. Sidhani alijua maana yake. Aliona tu kwamba inafanya kazi.

Ishara zake za siri zilikuwa kwenye kitenge. Makocha wengine walijigusa kofia, sikio, mkanda, kama watu waliovamiwa na siafu. Kocha wetu alifungua kitenge na kukifunga upya. Fundo likiwa kulia, mkimbiaji aibe kituo, yaani akimbilie kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Likiwa kushoto, mpigaji auguse mpira kidogo tu, ufie karibu. Akikipandisha mabegani kama mtu anayesikia baridi, basi tusubiri. Misimu miwili wapinzani walimwona mama mmoja asiyejua kuvaa nguo yake ikatulia.

Alikuwa mlokole wa kweli, wala hakukubali mechi ya Jumapili hata ligi ilipotubembeleza. Lakini chini ya kilemba chake, Jumapili hiyo hiyo, kulikuwa na spika ndogo ya sikioni. Tulijua kwa sababu Mchungaji alipotangaza kwamba choo cha wanaume kimeharibika, Kocha aliinua mikono miwili akasema, "Haleluya!" Mtu alikuwa amepiga mpira nje ya uwanja, mahali fulani mbali na sisi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Aligeuka akaniona ninavyocheka, akanong'ona, "Kulia, na wewe omba."

Kulia lilikuwa jina langu kwenye timu. Nilicheza mwisho kabisa wa upande wa kulia, ambako huwekwa mtu ambaye mpira haumpendi. Kwa kupiga nilikuwa mbaya zaidi. "Ukikosa," Kocha aliniambia kila mara, "kosa huku unatazama. Usikose umefumba macho kama unayedungwa sindano."

Kitu kimoja alikiweka juu ya besiboli yenyewe, nacho kilikuwa kusalimia. Hakuna mazoezi yaliyoanza kabla kila mchezaji hajamsalimia kila mtu aliyekuwepo, kwa mkono, mmoja mmoja: akina mama kwenye benchi, mzee aliyekata nyasi, mwamuzi, na wapinzani wote mstarini. Mkubwa alisalimiwa kwa mikono miwili na kichwa kimeinama kidogo. Jambo hilo lilichukua dakika nyingi. Mwamuzi mmoja alimwonyesha Kocha saa yake. Kocha akaushika mkono huo wenye saa, akamsalimia tena.

"Mtu mzima akikunyoshea mkono," alituambia, "hakuna mpira duniani unaokuzuia. Mpira ni kitu. Yule ni mtu."

Alikuwa na sababu yake, na tuliijua. Mama yake mzazi alikuwa bado kambini, kule Tanzania, akisubiri karatasi miaka nenda miaka rudi. Kocha alimpigia simu kila Jumamosi na kumsimulia mechi zetu kama alivyomsimulia mzee wa Islington. Bibi yule, ambaye sote tulimwita Koko kama tunavyowaita bibi zetu, alitufahamu bila kutuona. "Yule Baraka amepona kidole?" aliuliza simuni, na Kocha aliweka spika tukasikia. "Na yule Kulia, bado anasimama tu?"

"Bado anasimama, Mama."

"Maskini."

Kocha alitaka jambo moja tu, na alilisema wazi: Mama yake akifika, aone msimu mzima. Auone kuanzia mvua za Mei, nyasi zikiwa bado na tope, hadi miti ya kando ya reli inapoanza kuwa myekundu. Mechi moja haikutosha. "Mechi moja ni kama kumwonyesha mtu picha ya harusi," alisema. "Nataka akae kwenye benchi, achoke, apate baridi, atukane kidogo. Msimu mzima."

Katikati ya msimu wa pili ikaja barua ya ligi. Kiwanja kimoja kilikuwa kinafanywa maegesho ya magari, kwa hiyo mwaka unaofuata timu itakayomaliza ya mwisho haitapewa nafasi. Msimu wa kwanza tulikuwa wa mwisho bila ubishi. Msimu huu tulikuwa tunasukumana chini kabisa na timu moja ya mafundi wa mapaa, na ratiba ikataka tukutane nao siku ya kufunga. Atakayeshindwa ndiye anayeondoka. Na wiki moja hivi kabla ya siku hiyo ya kufunga, baada ya kungoja kote kule, Koko alitua Toronto.

Siku ya mechi alikuwa na siku nane tu Kanada. Mchungaji alimleta kwa gari, akamketisha kwenye benchi letu, upande wa kituo cha tatu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alivaa koti la baridi ingawa sisi tulikuwa tunatoka jasho, na mbele ya viatu vyake ulipita mstari wa chokaa uliotenganisha uwanja na watu waliokaa. Kocha alimwambia, "Mama, usivuke huo mstari," naye akaitikia kwa kichwa kama anayeonyeshwa mpaka wa shamba la jirani.

Ilifika zamu yetu ya mwisho ya kupiga. Tulikuwa nyuma kwa alama moja, na wawili wetu walikuwa wameshatoka. Wa tatu akitoka, mechi imekwisha. Mpigaji aliyefuata nilikuwa mimi. Kocha alikipandisha kitenge mabegani: subiri. Nikasubiri, macho wazi. Ukaja mmoja wa taratibu, nikaupiga, na mpira ukapaa kuelekea upande wa kulia, ule ule upande wa mtu ambaye mpira haumpendi. Wa kwao naye haukumpenda. Nilikimbia kituo cha kwanza, cha pili, nikafika cha tatu kwa tumbo, na nyuma ya sikio langu nikasikia, "Yumo."

Benchi lote lilisimama. Walipiga vigelegele, walirusha kofia. Nyuma yangu alikuwa anakuja Baraka kupiga, na Baraka siku ile alikuwa anaupiga kila uliokuja. Nikifika nyumbani tu, yaani kituo cha mwisho, pale anaposimama mpigaji, tumelingana. Nilisimama juu ya kile kituo cheupe cha turubai, kizito kama gunia la unga, nikajikung'uta vumbi. Mpira ulikuwa bado umo kwenye glovu ya mlinzi wao wa kituo cha tatu, yule mwenye ndevu za kahawia.

Koko aliona watu wamesimama na kushangilia. Kwa macho yake, nilikuwa nimefika. Akainuka, akasogea hadi ukingoni pa chokaa, akaninyoshea mkono wake mwembamba kutoka kwenye lile koti kubwa.

"Kulia!" akasema. "Kumbe unakimbia!"

Nilikwenda. Hatua nne. Sikufikiri, kwa kuwa mambo ya namna hiyo hayafikiriwi. Mtu mzima alikuwa amenyosha mkono. Niliupokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, na nikiwa bado nimeinama nikahisi glovu ikinigusa mgongoni, kwa upole, karibu kwa aibu.

Mkimbiaji akiacha kituo na kuguswa na mpira, katoka. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa Koko, aliyekuwa ananiuliza habari za nyumbani.

Mwamuzi alikuwa kijana wa chuo, na hakulipenda lililotokea. Alimwendea Kocha akamweleza polepole kwamba kama mtazamaji amevuka mstari na kuingia uwanjani, yeye anaweza kuuhesabu mpira umekufa tangu hapo, nami nirudi kituoni. Yeye alikuwa anatazama kwingine. Je, bibi alivuka?

"Kocha," Baraka akasema kwa Kiswahili, macho chini, "sema alivuka. Neno moja tu."

Fundi wa matairi akasema, "Kocha, ni timu hii. Ni mwaka ujao."

Kocha alitazama viatu vya mama yake. Havikuwa na chokaa hata chembe. Sisi sote tungeweza kusema hatukuona, lakini yeye alikuwa mtu mmoja pale ambaye asingeweza kusema hivyo na kuaminika na nafsi yake.

"Hakuvuka," akamwambia mwamuzi kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kijana wangu ndiye aliyemfuata."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Umempa mikono miwili?"

"Ndiyo, Kocha."

"Haya. Okota kofia yako."

Akamsalimia mwamuzi, akawasalimia mafundi wa mapaa mmoja mmoja, sisi nyuma yake. Yule mwenye ndevu aliushikilia mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida. Sikuweza kumtazama.

Hivyo ndivyo Korongo wa Kipling walivyokwisha. Tulizungumza habari za ligi nyingine, lakini majira ya baridi hutawanya watu: mmoja alipata zamu za usiku, wengine wakahamia Edmonton, Baraka akaoa. Kocha alihamia Brampton, kwenye besimenti ya nyumba mpya, vyumba vya chini ya ardhi, pamoja na mama yake. Mimi nilipanga chumba Downsview na nikaacha kwenda kanisani kule juu ya duka la mazulia. Niliwaambia watu ni umbali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemnyang'anya Kocha kitu kimoja alichokitaka, nami sikujua nitamtazama kwa macho gani.

Viangazi vinne vilipita. Septemba iliyopita Baraka alinipigia simu. "Kocha anakuulizia," akasema. "Anasema, Kulia amepotelea wapi, au bado yuko uwanjani anangoja mpira?"

Nilikwenda Jumamosi mchana. Mlango wa besimenti uko ubavuni mwa nyumba. Unashuka ngazi na harufu ya sombe, yaani kisamvu, inakupokea kabla ya watu. Kocha alikuwa jikoni, ameongezeka mvi, kitenge kiunoni. Koko alikuwa kwenye sofa mbele ya televisheni, blanketi magotini, na miguu yake imepumzika juu ya kitu cheupe cha turubai, kilichochakaa pembe. Nilikitambua. Kilikuwa kituo chetu cha tatu.

Niliinama kumsalimia. Aliinua kiganja kunizuia, bila kuyatoa macho kwenye televisheni.

"Ngoja, mjukuu wangu. Kuna mtu kituo cha tatu."

"Mama!" Kocha akasema kutoka jikoni. "Mgeni hajasalimiwa!"

"Angoje. Wewe unajua wazi vijana wanavyotoka ovyo." Akaisogelea skrini. "Tazama huyo mrushaji. Bega limemshuka. Amechoka, na wale makocha wamekaa tu kama viazi."

Nikaenda nikasimama mlangoni pa jikoni. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa kwenye mabasi mawili. Yote ilinitoka, likabaki swali.

"Kocha, ulijuta siku ile?"

Aliendelea kukoroga sufuria. "Mzee wa Islington hakuwa anaona," akasema. "Miaka sita. Ningeweza kumwambia timu yake inashinda kila siku, angejuaje? Angekula vizuri, angelala vizuri. Sikumwambia hata mara moja. Sasa ndiyo nimdanganye yule mwamuzi, mtoto wa watu, tena kwa miguu ya mama yangu?"

"Lakini timu ilikufa."

"Ilikufa. Nililia wiki nzima. Nani alikuambia sikulia?" Akafunika sufuria. "Nililia, nikaosha uso, nikawasha televisheni. Nikaanza kumsimulia Mama. Miezi miwili haikuisha akaniambia ninyamaze, anaona mwenyewe." Akaelekeza mwiko sebuleni. "Huu ni msimu wake wa nne. Hakosi hata siku ya mvua. Anachoka, anapata baridi, anatukana. Si kidogo."

Kule sofani kukatoka sauti ya ushindi. "Yumo!" Koko alikuwa ameinua ngumi. Halafu, kama mtu aliyemaliza kazi, akaishusha miguu yake chini, akageuka, akaninyoshea mkono.

"Haya, Kulia. Njoo sasa."

Chumba kilikuwa kidogo. Nilikwenda hadi mbele yake, nikaweka mguu wangu wa kulia juu ya lile turubai chakavu, nikalikanyaga kweli kweli, kisha nikampa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Alinishika muda mrefu. Aliniuliza habari za nyumbani, zote, na mimi nikazijibu zote.

Nilipoinua macho, Kocha alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama kisigino changu.

"Yumo," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.